Kura ya Kaburi la Dada

Mimi ndiye niliyesema tupige kura. Hakuna aliyenilazimisha. Sikuwa nimekunywa, na jua halikuwa kali kiasi cha kumvuruga mtu akili. Nilisimama mbele ya ukoo wangu chini ya tenti ya kukodi, nimevaa koti la harusi yangu ambalo siku hizi halifungiki, nikasema kwa sauti ya mtu aliyefika kidato cha nne: "Wazee wangu, hii ni nchi ya demokrasia. Tupige kura." Tulikuwa tunajadili kama dada yangu azikwe ndani ya boma letu au nje ya ua. Nikashindwa. Dada yangu yuko nje ya ua.

Najua watu walioshindwa kura ya udiwani, wakapoteza na ng'ombe waliouza kwa ajili ya kampeni. Ng'ombe hununuliwa tena. Mimi kampeni nilijipigia mwenyewe, kura nikaiitisha mwenyewe, na nilichopoteza hakiko sokoni.

Asiyejua mila yetu nimweleze kwa kifupi. Kwetu Waluo, msichana akikua, wazee humhesabu kama mtu wa njiani: kwao halisi ni huko atakakoolewa. Akifa kabla hajaolewa, hata kama ana mvi, hana kwake. Hazikwi ndani ya boma la baba yake pamoja na wengine. Anazikwa nje ya ua, mahali panapolimwa au panapopita watu. Siku hizi familia nyingi zimeiacha mila hiyo, nyingine zinaizungusha kimyakimya, na nyingine bado zinaishika kwa mikono miwili. Yetu ilikuwa kati ya hizo za mwisho, au ndivyo nilivyofikiri.

Boma letu liko juu ya Kisian, ukiacha barabara ya Busia na kupanda kidogo, pale ziwa linapoonekana kwa mbali kama bati jipya. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kwenda Kisumu mjini ni mwendo mfupi tu, lakini mimi huiandaa safari hiyo kama mtu anayehamia ng'ambo: naota mvua, naota foleni, naota nimesahau kufunga kuku, mwishowe nabaki. Nyumba yangu ina vyumba vitatu. Kimoja tunalala, kimoja tunakaa, na cha tatu kina mahindi, baiskeli ya gurudumu moja, na redio nne ambazo nimewaahidi wenyewe kuzitengeneza. Mke wangu anakiita chumba cha ahadi.

Jirani yangu ni mama mjane ambaye shamba lake linaanza hatua chache nje ya ua wetu. Ua wenyewe ni wa mnyaa, ule mti usio na majani ya maana, wenye utomvu mweupe unaochoma macho. Ukuta wa mnyaa hauzuii sauti, kwa hiyo hakuna linalosemwa kwangu asilolisikia. Mimi anapenda kuniita Mheshimiwa, kwa sababu zamani nilimweleza Katiba kwa saa nzima alipokuja kuomba chumvi. "Mheshimiwa," huniita kutoka upande wake, "kuku wako wamevuka mpaka bila kibali." Ama: "Mheshimiwa, mbona leo hujatoka nje, bunge limevunjwa?"

Haki za binadamu nilizisoma shuleni, kidato cha tatu, somo la Historia na Serikali. Mwalimu aliandika ubaoni nasi tukanakili: kwamba mfalme mmoja wa Uingereza alibanwa na makabaila wake hadi akatia muhuri karatasi, kwamba Wafaransa nao walimchoka mfalme wao wakamkata kichwa, kwamba vita vya pili vya dunia vilipoisha, mataifa yaliona aibu ya yaliyotendeka, yakaketi na kuandika tamko. Kwenye mtihani waliuliza tutaje sababu tano. Mimi nilitaja sita, nikapewa alama za tano. Niliona nimeonewa, na kwa miaka mingi hiyo ndiyo dhuluma kubwa niliyoijua mimi binafsi.

Aliyenilipia shule hiyo ni dada. Yeye ndiye mkubwa. Aliacha akiwa darasa la saba, baba alipofariki, akateremka Dunga kuuza samaki. Sikumwambia aache, wala sikumwambia asiache. Nilikuwa mtoto, nilipewa sare nikaivaa.

Dunga, kama fuo nyingine za ziwa hili, ilikuwa na jambo ambalo watu hulisema wakiinamisha sauti. Mvuvi hakuwa anamuuzia mwanamke samaki kwa pesa peke yake. Ukitaka samaki wazuri, ukitaka uhakika wa kesho, kuna malipo mengine ya pembeni, na kila mtu pale anajua ni yapi. Dada alikuwa bado msichana mbichi alipoambiwa. Nimesimuliwa na mwanamke aliyekuwa amesimama naye majini, karai kichwani, maji ya magoti. Dada alisema bila kupandisha sauti, "Samaki wako, pesa yake ninayo. Mimi siuzwi leo. Na kesho usiniulize, jibu ni hilohilo."

Basi hawakumuuzia. Wiki ikaisha, nyingine ikaisha. Alipanda mjini akawa ananunua mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki kiwandani minofu ikishatolewa, anaikaanga na kuiuza kando ya barabara kwa wasio na uwezo wa samaki mzima. Hadi siku mzee mmoja mwenye mtumbwi alipomwita akamwambia, "Njoo uchukue. Umetushinda kwa kichwa kigumu." Baada yake wanawake wengine wawili walikataa vilevile, halafu wengine. Hakuna aliyeandika tamko. Huyo mfalme wa Uingereza sijui kama alibanwa zaidi ya yule mvuvi.

Kichwa hicho kigumu ndicho watu walichosema kilimnyima mume. Waliomtaka walikuja, wakaona anawauliza maswali, wakakumbuka wana shughuli kwingine. Akapanga chumba Nyalenda, mtaa wa mabanda mjini Kisumu, akakaa humo maisha yake yote.

Mwaka wa kura ya maoni ya Katiba, wanawake wa Dunga waliitwa kwenye mafunzo, wakapewa kila mmoja kitabu cha Katiba hiyo. Wengi waliviweka. Dada alikifunga chake kwa karatasi ya nailoni ili kisinuke samaki, na kikanuka samaki vilevile. Alikuwa akikisoma polepole, kidole kikifuata mstari, akiwasomea wenzake wakipara magamba. Nilipomtembelea, mara chache nilizomtembelea, alinifanyia mtihani.

"Msomi," alikuwa akiniita, "hizi haki tumepewa na nani?"

"Na serikali."

"Sifuri. Kaa chini."

"Basi na Katiba."

"Sifuri nyingine. Ada yangu imekwenda na maji." Alikuwa anacheka hadi anashika ukuta. Kisha alinionyesha mahali kitabu kinaposema kwamba haki hizo ni za kila mtu, si zawadi ya serikali. Kazi ya serikali ni kuzitambua na kuzilinda. "Unaona? Ulikuja nazo. Kama meno. Hayaonekani ukizaliwa, lakini yako ndani."

"Meno hung'oka, dada."

"Yang'oke yenyewe. Asije mtu na koleo."

Ugonjwa ulianzia tumboni. Ulikuja kwa adabu, kama mgeni anayesema hatakaa sana, halafu ukamla hadi nguo zake zikawa za mtu mwingine. Msimu huo wa mvua nilikwenda kumwona. Maji yalikuwa yameingia chumbani, kitanda kimeinuliwa juu ya matofali, naye amekaa juu yake kama mtu aliye kisiwani. Aliniambia anataka kuja nyumbani.

"Si kuhamia," alisema. "Nikae tu, nisikie kuku."

Nilimwambia paa letu linavuja. Nikamwambia chumba kina mahindi, ngoja tuyauze. Nikamwambia wacha kwanza nizungumze na wazee, unajua mambo ya boma. Nilizungumza sana, nilitaja sababu sita. Aliniangalia, akasema, "Sawa, msomi." Nyumbani mke wangu aliniambia, "Toa hizo redio, mlete mtu." Nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja na ya kwake.

Mara ya mwisho nilimkuta hospitalini, na hapo ndipo aliponiomba jambo. "Mnizike ndani," alisema. "Karibu na mama. Si nje. Nje nimekaa."

Nikamwahidi. Nilimwahidi haraka, kama mtu anayepewa nafasi ya kufuta deni kwa kutia sahihi.

Alipofariki, kamati ya mazishi ilikaa kwetu. Tenti ilifungwa, viti vya plastiki vikaletwa, wanawake wakawasha moto nyuma ya nyumba. Mwenyekiti alikuwa baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, mzee mpole anayesikiliza akiwa amefumba macho, hata hujui kama anasikiliza au amesinzia. Walipofika kwenye suala la wapi achimbiwe, mzee mmoja akasema kama anayetaja bei ya sukari, "Nje, upande wa mashariki. Huko ardhi ni laini."

Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa siku tatu. Nilikuwa na kitabu cha dada, bado kiko kwenye nailoni yake, na nilikuwa nimekunja kona za kurasa. Niliwasomea kwamba wanaume na wanawake ni sawa mbele ya sheria. Niliwasomea kwamba kila mtu ana utu wa asili na utu huo uheshimiwe. Niliwasomea kwamba desturi yoyote ikipingana na Katiba, desturi ndiyo inayovunjika. Hapo nilinyanyua kidole.

"Soma kwa Dholuo!" akapaza sauti binamu yangu aliyekuwa ameanza kunywa tangu asubuhi kwa sababu ya uchungu, na siku nyingine hunywa kwa sababu nyingine. Watu wakacheka. Hata mimi nikacheka, nikaona nimewapata.

Baba mkubwa akafumbua macho. "Mwanangu," alisema, "umesoma vizuri. Sasa nikuulize. Binti yangu mimi yuko wapi?"

Kila mtu alijua yuko wapi. Yuko nje ya ua wa baba mkubwa, kando ya njia ya kwenda kisimani, tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Alikuwa bado hajamaliza shule.

"Nilimtoa mwenyewe," mzee alisema. "Mama yake alinishika miguu. Niliambiwa ndiyo mila, nikafanya. Leo ukisema dada yako aingie, mimi yule wangu nimwambie nini? Kwamba alikosea, alikufa mapema?"

Nikafunua kona moja niliyoikunja, nikafunua nyingine. Hakuna iliyomtaja binti yake.

 Halafu mzee akasema maneno ambayo siku hizi nayasikia nikiwa napalilia, nikiwa nakula, nikiwa sifanyi lolote, yaani mara nyingi. Alisema, "Lakini wacheni hili jambo kwanza. Tusilimalize hapa. Jioni waje watu watatu wanne kwangu, tuongee polepole."

Mtu yeyote wa kwetu angeelewa hapo. Jambo gumu kwetu halimalizwi hadharani. Likimalizwa hadharani, kila mtu analinda uso wake. Linapelekwa pembeni, linazungumzwa na kuzungushwa hadi yule mwenye kinyongo anachoka, au anapata njia ya kukubali bila kuonekana amekubali. Asubuhi watu wanaamka na kukuta kaburi limechimbwa mahali fulani, na hakuna anayeuliza nani alisema. Mzee alikuwa ananifungulia mlango. Aliufungua kidogo tu, kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa.

Mimi nikadhani anakimbia. Nilidhani kitabu kimemshinda na anataka kupata muda. Nilikuwa nimehesabu vichwa: binamu fulani yuko na mimi, shangazi wako na mimi, wake za baba wadogo waliokuwa wakila samaki wa dada bure wako na mimi. Kifua kikajaa. Ndipo nikasema yale maneno yangu ya demokrasia.

Baba mkubwa akaniuliza, "Unataka watu waseme?"

"Ndiyo, Mzee. Watu waseme."

"Haya."

Nilidai wanawake waitwe kutoka jikoni, nikajiona shujaa. Wakaja wakifuta mikono, wakakaa chini pembeni kwenye mkeka. Nikatangaza: wanaotaka azikwe ndani, juu mikono. Wangu ukapanda. Ukapanda wa binamu yangu mmoja wa Ahero aliyefika amechelewa kwa sababu ya mafuriko, ambaye nadhani alifikiri tunapigia kura chakula. Ukapanda wa yule mlevi. Kwenye mkeka, mkono wa shangazi yangu, dada yake baba, ulianza kupanda. Niliuona. Ulifika kiunoni, ukafika kifuani, halafu baba mkubwa akakohoa tu, kikohozi cha kawaida, na ule mkono ukaenda moja kwa moja kurekebisha kitambaa cha kichwa ambacho hakikuwa na shida yoyote.

Wanaotaka nje: sikuhesabu. Ilikuwa mikono mingi, ya watu wasio wabaya, watu waliolia kwa dhati asubuhi ile. Na ule wa mlevi ukapanda tena upande huu. Nikamwambia amekwisha kupiga. "Omera, ndugu yangu," akanijibu kwa machozi, "nina mikono miwili."

"Umesikia," akasema baba mkubwa bila furaha. "Ni wewe uliyetaka watu waseme. Watu wamesema." Na akafumba macho tena. Sasa hata yeye hakuwa na mlango wa kunifungulia.

Watu waliniambia baadaye kwamba ningekwenda kortini. Wako wanaokwenda. Maiti inakaa mochari, mawakili wanabishana, na wengine hushinda. Lakini ningesimama mbele ya hakimu niseme nini? Kwamba ile kura niliyoiitisha mimi, ikapigwa mbele yangu, ilikuwa batili kwa sababu imenishinda? Nusu ya wanasiasa wa nchi hii wamewahi kusema hivyo, lakini wao wana uso mgumu. Mimi nina uso wa mtu wa nyumbani. Na ukweli mwingine ni kwamba kwenda kortini ni kwenda mjini.

Tulimzika asubuhi. Gari lililomleta halikuingia langoni; lilipita pembeni, likazunguka kwa nje hadi upande wa mashariki, pale kati ya ua wetu na mahindi ya jirani. Kweli ardhi huko ni laini. Kutoka ua hadi kaburini ni hatua nne. Kutoka kaburini unaliona kaburi la mama kwa ndani, kupitia matundu ya mnyaa. Shangazi alisimama karibu yangu wakati udongo unarudishwa. Aliniambia bila kunitazama, "Mkono wangu ulikuwa unakuja. Ulichelewa tu."

Baada ya siku kadhaa nilikifungua tena kile kitabu, safari hii si kwa ajili ya kumshinda mtu. Kwenye sura ya haki nilikuta gamba la samaki, kavu, limebanwa kati ya kurasa kama alama. Sikuliona wakati ule nikikunja kona zangu. Nilikuwa natafuta silaha, yeye aliweka alama.

Nimefikiri sana tangu hapo, kwani kazi ya kufikiri haihitaji nauli. Kumbe kile alichokuwa akiniuliza dada kila mara, hizi haki tumepewa na nani, hakikuwa mchezo. Kama tumepewa na watu, watu wanaweza kuinua mikono wakazichukua. Mimi nilisoma shuleni kwamba demokrasia ni wengi washinde, nikapata alama zangu. Hawakunifundisha, au walinifundisha siku niliyokuwa nachungulia dirishani, kwamba kabla hamjaanza kuhesabu mikono kuna vitu mnavitoa mezani. Mnaviweka kando kwanza. Mtu asiteswe, hata wengi wakitaka. Mtu asifanywe si mtu, hata wengi wakitaka. Vitu hivyo mkishavitoa, basi pigeni kura kuhusu barabara, kuhusu maji, kuhusu nani awe mwenyekiti wa tenti. Wale walioandika tamko baada ya vita nadhani walikuwa wamejifunza hilo kwa njia mbaya kuliko yangu: wengi waliwahi kuinua mikono, na wachache wakachomwa. Mimi nilikichukua kitu cha dada kilichokuwa kando, nikakirudisha mezani mwenyewe, nikasema, haya, hesabuni.

Na mvuvi wa Dunga je? Huko ufuoni wengi walikuwa upande gani siku ile dada aliposimama kwenye maji ya magoti? Kama angeitisha kura, angeshindwa hata na wanawake wenzake. Hakuitisha. Alisema hapana, akaenda kukaanga mifupa.

Mvua za vuli zilipoanza, niliamua la kufanya. Kama dada hawezi kuingia ndani ya ua, ua utatoka. Mnyaa hauhitaji mbegu; unakata tawi, unaliacha likauke jeraha, unalichomeka ardhini, linashika. Nilikata matawi mchana, nikaanza kuyapanda kwa mzunguko, kutoka kona ya ua wa zamani, kupita nyuma ya kaburi la dada, hadi kona nyingine. Yakishika, nitang'oa ua wa zamani ulio katikati. Hakuna atakayekuwa amehamisha maiti, hakuna atakayekuwa amevunja kura. Nilijiona mwerevu tena, hali ambayo kwangu ni dalili mbaya.

Siku ya pili utomvu uliniruka jichoni. Mke wangu aliniosha na maziwa, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nililia mbele ya watu, nikiwa na sababu ya kuonyesha.

Baba mkubwa alikuja kwa fimbo yake. Alisimama, akaangalia mstari wa matawi unavyozunguka, akaangalia kaburi, akaangalia tena matawi. Nilingoja karipio. Aliuliza tu kama mnyaa ukipandwa kando ya njia, pale watu wanapopita na ng'ombe, unashika. Nikamwambia unashika, ukizungushiwa miiba mwanzoni. Akaitikia kwa kichwa akaondoka. Niliporudi kazini nilikuwa napiga mluzi.

Siku ya tatu nilikuwa nakaribia kumaliza. Jirani alikuwa kwenye mahindi yake, jembe begani. Akaja hadi mpakani, akasimama.

"Mheshimiwa," akasema, "naona unapanua nchi."

"Narekebisha mpaka tu, Mama."

"Umeingia kwangu hatua moja."

"Nitakufidia upande wa kule, kwenye migomba."

"Sijasema nataka." Akaweka jembe chini, akalisimamia. Alikuwa akimfahamu dada. Dada alikuwa akimletea mgongo wazi kila alipokuja, umefungwa kwenye gazeti, na walikuwa wakicheka kupitia ua hadi kuku wanakimbia. Aliangalia kaburi. Udongo ulikuwa umeanza kushuka, kama inavyokuwa. "Yeye alikuomba hivi?"

"Aliomba awe ndani," nikasema. "Sasa atakuwa ndani." Nikachomeka tawi jingine, nikalikanyagia udongo, nikangoja anisifu. Nakiri nilingoja.

Hakunisifu. Aliangalia nyumba yangu nyuma yangu, dirisha la chumba cha tatu, lile ambalo kioo chake kimezibwa na magunia ya mahindi kwa ndani. Kisha akanitazama mimi, na akasema:

"Huyu alikuwa anaumwa Nyalenda, kitanda kikielea kwenye maji, na wewe hapa ulikuwa umelaza redio chumbani. Akiwa hai hukumsogezea hata gunia. Leo ndiyo unamsogezea ua?"